Bila Daftari

Zimebaki siku tatu mwaka ufungwe.
Verna Salmela anakung'uta theluji kizingitini,
anabwaga mezani pangu boksi la buti
lililofungwa kwa mkanda wa mashine.
"Mwaka mzima umo humu," anasema.
Na kweli umo.

Wateja wangu wengine huja Aprili, mbio,
kwapa zimelowa, wakiniita daktari.
Verna huja Desemba.
Hupenda kuujua ubaya ungali mchanga.

Duluth leo ni nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Ziwa limeanza kuganda kandokando,
kioo cha dirisha kimeota manyoya meupe,
nami nimevaa glavu zilizokatwa vidole
ili niihisi karatasi.

Maana risiti za siku hizi hazina uaminifu:
Machi imepauka yote,
Mei naisoma kwa kuilaza chini ya taa
kama mtu anayetafuta ufa kwenye yai.
Plagi. Grisi. Kebo ya kuwashia.
Pai ya tufaha na kahawa mbili; nyuma ameandika: mteja.
"Mteja gani?"
Ananyamaza. Naiweka kando.
Faini ya maegesho, kando.
Daktari wa paka, dola tisini.
"Paka analinda duka."
"Ana zamu?"
"Zote," anasema, wala hacheki.

Tunahesabu mpaka saa nane.
Benki inasema hivi, daftari linasema vile,
senti arobaini zinatukimbia kama kuku wa sikukuu
mpaka tunazikamata Agosti,
zimejibanza ndani ya tisa iliyokaa kama tano.

Chini kabisa ya boksi, ankara ya buluu.
Orrin Tveit. Injini ya boti. Juni.
Dola mia tatu na kumi na mbili. Haina muhuri.
"Hiyo andika hasara," anasema.

Namweleza polepole, maana sheria hii siipendi:
wewe unahesabu pesa ikishatua mkononi.
Hii haikutua.
Usichokiandika kuwa pato
huwezi kukiandika kuwa hasara.
Vipuri, sawa, vinakatwa,
sitini na nne na senti kumi.
Saa zako tisa hazina mstari.

Anakwangua barafu ya dirisha kwa ukucha,
tundu la ukubwa wa sarafu, anachungulia.
"Alikufa Oktoba," anasema.
"Miaka thelathini aliendesha basi la shule,
akataka kiangazi kimoja majini.
Julai yote niliisikia injini ile
ikipita chini ya daraja, nami nimeinama dukani,
mikono imejaa mafuta.
Haikukohoa hata siku moja."

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hii imepotea, naam.
Lakini habari anayo.

Anaikunja ankara mara nne.
Hairudishi kwenye boksi;
anaitia mfuko wa ndani wa koti,
kwenye funguo.

Napiga mistari miwili chini ya Desemba.
Kulia na kushoto kunalingana,
kumelingana mno,
kama chumba kilichofagiliwa kabla mgeni hajaulizwa jina.

Verna ananilipa nusu.
Nusu ya pili, anasema, Januari,
theluji ikizidi na mashine za watu zikianza kukwama.
Namshikia mlango. Baridi inaingia na kupekua karatasi zangu,
fomu, bahasha, kikokotoo kilichokufa betri.

Nusu ile
sikuiandika popote.